Gunia Kwenye Pete ya Chini

Eustaki alivuta kamba ya injini mara nne kabla haijakubali, na kila alipovuta alimtupia Inspekta Bertila Sikazwe jicho la kumwambia aone anachomfanyia. Boti ilikuwa yake, mafuta yake, na Jumamosi hiyo polisi walikuwa wameichukua bila hata kumwomba. Hakukuwa na nyingine. Mvua za Aprili zilikuwa zimeikata barabara ya Kapinda mahali patatu, na kutoka gati la karibu na Kasense njia iliyobaki ilikuwa kupanda Mto Kalungwe, kwa vyumba viwili vya kupandishia boti na maziwa mawili madogo.

"Saa nne na dakika kumi," Bertila alisema, akiandika. "Kapinda tunafika saa ngapi?"

"Tukifika, tumefika."

"Mwenye boti hujui safari yako?"

"Saa nane na nusu. Au tisa. Mto umejaa, afande. Hii siyo lami ya Sumbawanga."

Saa kumi ndiyo iliyokuwa ikimkosesha Bertila raha. Asubuhi na mapema mtendaji wa kijiji cha Kapinda alikuwa amepiga simu kituoni kusema kwamba wanaume wa kijiji wamempa Debora, mke wa mfugaji Yonas Lugwisha, mpaka saa kumi jioni awe ameondoka bondeni, yeye na watoto na ng'ombe. Ikipita hapo, boma linachomwa. Sababu walikuwa nayo. Vitus, mzee aliyelinda mageti ya Chumba cha Pili kwa miaka ishirini na sita, alikutwa Ijumaa asubuhi kwenye matete chini ya geti, kichwa kimepasuliwa, na fimbo ya Yonas imelala hatua kumi kutoka pale. Yonas alikuwa mahabusu Sumbawanga. Jumatatu angesomewa shtaka la mauaji, na shtaka hilo halina dhamana.

Bertila alikuwa amekaa naye saa nzima. Yonas alisema fimbo aliisahau Jumatano kwenye kibanda cha Vitus, alipokwenda kumkumbusha mambo ya baraza la ardhi. Bonde analolishia alipewa na mkutano wa kijiji miaka kumi na moja iliyopita. Sasa kijiji kinasema hakikumpa, na katika wote waliotia sahihi karatasi ya kumpa bonde, Vitus peke yake ndiye aliyekubali kwenda barazani kusema kweli. "Sasa mimi nimuue shahidi wangu, afande, nibaki na nani?" Yonas aliuliza. Lilikuwa swali zuri, lakini swali zuri la mahabusu halimfungulii mtu mlango. Bertila alihitaji kitu cha kushika mkononi.

Mbele ya boti alikaa Konstebo Adolfu, askari wa kituo kidogo cha Kapinda, bunduki magotini. Ndiye aliyemkamata Yonas na kumshusha mjini, na hakuona sababu ya mkubwa wake kupanda mtoni kutafuta kisichopotea.

"Fimbo tunayo, ugomvi upo," alisema. "Watu watano wamesema walimsikia akimfokea mzee."

"Watu watano wamesema maneno yaleyale, Adolfu. Hata pumzi wamevuta mahali pamoja. Nimesoma."

Adolfu akautazama mto.

Ukingoni wanawake walikuwa wakifua. Boti ilipokaribia waliinuka mmoja mmoja, wakageuka, wakaipa migongo. Mmoja alisubiri boti ipite, akaokota donge la tope na kulirusha. Likamwangukia Bertila begani. Eustaki aliliona, akapunguza mwendo kidogo, kana kwamba anampa yule mama nafasi ya pili.

Chumba cha Kwanza kilionekana karibu na saa sita. Vyumba hivyo vilijengwa na wahandisi wa shamba la ngano la zamani, enzi ambazo ngano ya huko juu ilishushwa kwa mashua za bati kwa sababu barabara, wakati huo kama sasa, ilikuwa tope. Shamba lilikufa, mashua zikageuzwa masufuria, vyumba vikabaki. Kila kimoja ni shimo refu la zege lenye geti kila mwisho. Boti inaingia kutoka chini, geti linafungwa nyuma yake, maji ya juu yanafunguliwa, na chumba kinajaa polepole mpaka boti inapanda kimo cha nyumba na kulingana na maji ya mbele. Kushuka ni kinyume chake. Kujaa huchukua dakika ishirini, na kwa dakika hizo hakuna wa kuondoka. Bertila alizipenda sana dakika hizo.

Chumba cha Kwanza hakikuwa na mlinzi. Adolfu alipanda ngazi ya chuma kwenda kuzungusha gurudumu, na Bertila akafungua ukurasa mpya.

"Alhamisi ulipita hapa saa ngapi?"

"Nimeshaandikisha maelezo."

"Umeandikisha kwa Adolfu. Mimi hujaniambia."

Eustaki alitema mate majini. "Saa nne na nusu asubuhi. Nilikuwa napandisha chumvi na sukari za duka la dada yangu."

"Chumba cha Pili?"

"Saa sita. Vitus akanifungulia, tukasalimiana, nikapita."

"Ukakiacha kimejaa au kitupu?"

"Kimejaa. Ukipanda, nyuma yako kinabaki kimejaa. Hilo hata mbuzi wa Kapinda anajua."

"Ndani yake kulikuwa na kitu?"

"Maji."

"Kitu kingine."

"Maji," Eustaki alirudia. "Unataka niseme mamba?"

"Ukishapita, ukafanya nini?"

"Nikashusha mizigo, nikala, nikalala kwa dada. Boti ilikuwa imefungwa kwenye kisiki mbele ya duka. Ijumaa asubuhi wakanigongea, Vitus amekufa. Nikawashusha huyu askari wako na Msukuma wake, na marehemu."

"Katikati hapo boti haikutoka."

"Haikutoka."

"Mtu angeweza kuichukua bila wewe kujua?"

"Plagi ya injini nalala nayo mfukoni. Na kasia haliwezi mto huu."

"Boti nyingine?"

"Ipi? Ya paroko iko juu ya mawe tangu Krismasi. Mitumbwi yote imeburutwa nchi kavu tangu mto ufurike. Kwenye maji haya niko peke yangu, afande. Ndiyo maana unanisumbua."

Bertila aliyaandika maneno hayo kama yalivyotoka, akamsomea, akampa kalamu. Eustaki alitia sahihi bila kusoma, kwa haraka ya mtu anayetaka mgeni aondoke. Maji yalikuwa yamefika katikati ya ukuta.

"Sikazwe," alisema, akirudisha kalamu. "Wa wapi wewe?"

"Kasense."

"Mfipa kabisa. Na mama yako akijua unapanda mtoni kumtafutia Msukuma mlango wa kutokea, atakupakulia ugali?"

"Mama yangu alishafariki."

"Basi ameepushwa aibu."

Hasira ilimpanda Bertila. Angeweza kumzaba kofi, na kwa dakika nzima hakuwa na hamu ya kitu kingine duniani. Akafunga daftari, akatazama ukuta uliolowa ukishuka mbele yake, mpaka geti la juu likafunguka na ziwa la kwanza likatokea.

Katikati ya ziwa hilo injini ilikufa. Eustaki akafungua kifuniko, akatoa plagi, akaipuliza, akaifuta kwa shati, akaipuliza tena. Ilikuwa saa saba na dakika tano. Saa saba na robo alikuwa bado anaifuta.

"Ni chafu sana?" Bertila aliuliza.

"Mafuta ya siku hizi."

"Nakupa dakika mbili. Zikiisha, Adolfu anapiga kasia mpaka mkono utoke begani, na wewe unakaa hapo katikati na pingu kwa kumzuia polisi kazini."

Plagi ikatakata mara moja, na injini ikawaka kwa mvuto wa kwanza. Adolfu alimwangalia Eustaki, halafu akamwangalia mkubwa wake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akaiweka bunduki vizuri.

Walifika Chumba cha Pili saa nane kasoro dakika kumi. Juu ya ukuta, kwenye gurudumu, alisimama mwanamke mnene wa makamo, kitambaa cheusi kichwani. Huyo alikuwa Mariana, mjane wa Vitus. Mume yuko chumba cha maiti siku ya pili, na yeye amekuja kufungua mageti kwa sababu Kapinda nzima hakuna mwingine aliyebaki anayejua gurudumu lile linakwama wapi. Bertila alimwamkia kwa Kifipa na kumpa pole. Mariana alijibu kwa Kiswahili, kama anayemjibu karani wa kutoka Dodoma.

"Marahaba. Ingieni."

Chumba alikuwa ameshakitoa maji. Boti ikaingia ndani ya shimo, kuta za zege zikawafunika kulia na kushoto, na hapo harufu ikampiga Bertila puani. Ilikuwa nzito, ya uchachu, na aliijua kabla hajaona inatoka wapi. Amekulia nyumba ya kupika pombe. Ni ulezi uliopitiliza majini.

Kwenye ukuta wa kulia kulikuwa na pete mbili za chuma za kufungia boti, moja juu kabisa karibu na ukingo, nyingine chini, usawa wa kifua cha mtu aliyesimama botini. Ngazi ilikuwa ukuta wa kushoto. Pete ya juu ilikuwa tupu. Kwenye pete ya chini kulikuwa na kamba ya katani, fundo limekazwa vizuri, na mwisho wa kamba gunia limezama majini.

"Mama, funga geti la chini," Bertila aliita. "Lakini maji usifungulie mpaka nikwambie."

"Kwa nini?"

"Nakuomba, mama."

Mariana alizungusha gurudumu. Geti likajifunga nyuma yao kwa kishindo. Eustaki akageuka kulitazama, akageuka tena mbele. Bertila alipiga picha pete zote mbili kwa simu, akalipiga picha na fundo kwa karibu, halafu akainua uso.

"Gunia hili la nani?"

"La kwangu. Liache."

"Ulezi wa nini?"

"Wa harusi ya kitinda mimba wangu. Harusi haipo tena, na uoze."

"Uliloweka lini?"

Mariana aliinama juu ya ukingo kumwona vizuri huyu askari mwenye kuuliza habari za jikoni kwa mtu aliyefiwa. "Alhamisi, saa nane mchana. Eustaki alikuwa ameshapanda. Vitus akasema leta, leo hakuna boti tena, chumba kitakaa kimejaa."

"Nani alilifunga?"

"Vitus. Mimi nilishika gunia, yeye akafunga."

"Kwenye pete ipi?"

"Ya juu. Ya chini utaifikiaje na chumba kimejaa? Alipiga magoti hapa nilipo."

Akaonyesha kwa kidole, na kidole kikabaki pale pale hewani. Tangu Ijumaa hakuna aliyekumbuka ulezi, yeye mwenyewe hakukumbuka. Mtu aliyefiwa hakagui magunia.

Bertila hakumtazama Eustaki. "Konstebo, Ijumaa mliposhuka na Yonas, gunia hili lilikuwa wapi?"

Adolfu aliwaza. "Hapo hapo, afande. Tuliingia chumba kimejaa, hatukuliona. Maji yaliposhuka likatokea, likabanwa kati ya boti na ukuta. Kamba ikamkwaruza Yonas shavuni, na yeye amefungwa mikono. Watu walikuwa huko juu, wakacheka."

"Kuna aliyegusa fundo?"

"Hakuna. Eustaki alilisukuma gunia kwa kasia, basi."

"Unaweza kuliapia hilo?"

"Naweza."

"Vizuri." Bertila aliegemea ukuta wa zege. "Alhamisi saa nane gunia liko juu, chumba kimejaa. Ijumaa asubuhi chumba kimejaa, gunia liko chini, kina cha nyumba nzima. Kwa hiyo katikati hapo maji yalitolewa, halafu yakarudishwa, pakaonekana kama palivyoachwa. Na maji yalipokuwa chini, kulikuwa na boti humu ndani."

"Labda mtu alipiga mbizi," Adolfu alisema, bila nguvu.

"Kwenye maji ya tope, azame akamhamishie mama Mariana ulezi? Ukuta huu hauna ngazi. Pete hiyo unaifikia ukiwa umesimama nilipo mimi." Akafungua daftari. "Na mwenye boti ametia sahihi mchana huu. Plagi analala nayo mfukoni. Kwenye maji haya yuko peke yake."

Juu yao Mariana alikuwa amekaa chini ukingoni, miguu inaning'inia.

"Kitu kimoja kilinisumbua," Bertila aliendelea, na sasa alimgeukia Eustaki. "Mtu ameua, ana haraka, ana maiti mikononi. Gunia linaning'inia. Yonas ni Msabato, pombe haijaingia nyumbani kwake, angeliona angepita kama anavyopita jiwe. Mtu wa mjini naye angepita. Kwetu Wafipa, ulezi wa harusi ukishaingia majini hautolewi kabla ya siku yake, ukikauka umemtukana bibi harusi. Nani anajua hilo, Eustaki? Mimi najua. Wewe unajua."

Eustaki alikuwa ameshika mkono wa injini kwa nguvu japo injini ilikuwa imezimwa. Alilitazama gunia muda mrefu.

"Lilikuwa linachuruzika," alisema hatimaye. Sauti haikuwa ile ya asubuhi. "Maji yanashuka, lenyewe linabaki juu linaning'inia, linachuruzika. Sikuwaza. Maji hayajaenda mbali nikasimama juu ya kiti, nikalifungua, na yalipofika chini nikalifunga pete ya chini. Mkono ulikwenda wenyewe."

"Eustaki," Mariana aliita kutoka juu. "Unasema nini wewe?"

"Nilikwenda kuongea naye, mama. Saa kumi na mbili jioni. Kuongea tu."

"Kuongea nini?" Bertila aliuliza.

"Asiende barazani. Akasema karatasi aliitia sahihi akiwa na akili zake na akili bado anazo. Nikamwambia bonde ni letu. Akasema bonde lilikuwa la vyura mpaka Yonas alipolisafisha, ndipo tukakumbuka kwamba ni letu. Akanigeuzia mgongo. Mtaimbo wa gurudumu ulikuwa pale."

"Ukampiga mara ngapi?"

"Mbili. Akaangukia chumbani. Nikaingiza boti, nikamtoa majini, nikashusha maji, nikampeleka kwenye matete, kwenye njia ya ng'ombe."

"Ya ng'ombe wa Yonas."

Eustaki akaachia mkono wa injini.

"Na fimbo?"

"Fimbo siyo mimi. Waliikuta kibandani Ijumaa, wakaisogeza."

"Nani waliisogeza?"

"Afande, unadhani nilikwenda kwa kichwa changu? Walinituma. Tulikaa, tukakubaliana, mimi nina boti, mimi niende. Ijumaa waliponigongea hawakuniuliza kitu. Wanajua."

"Taja majina."

"Kapinda," Eustaki alisema. "Andika Kapinda."

Kisha Mariana akasema, taratibu sana, "Nilikupa shuka langu umfunike. Ulilia hapa hapa."

Bertila alimweleza Eustaki kwamba yuko chini ya ulinzi kwa mauaji ya Vitus, kwamba halazimiki kusema zaidi na kwamba atakalosema litaandikwa. Akamfunga pingu, mkono wa kushoto na chuma cha kiti, wa kulia akauacha kwa ajili ya usukani. Saa yake ilisema saa nane na dakika kumi na mbili. Walikuwa na muda. Mtu aliyefanya ameshakiri, yuko botini, na kutoka hapa mpaka Kapinda ni nusu saa. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alijisikia vizuri, na alijisikia hivyo waziwazi, kama mtu aliyevua viatu vinavyobana.

"Mama Mariana, fungulia maji."

Mariana hakuinuka. "Jana mimi nilisema lichomwe," alisema. "Mbele ya wanaume wote. Nilisema mke wake asiachiwe hata chungu. Wakaniitikia, mwanangu. Wakaniitikia huku wanajua."

"Ukifungulia sasa tutawahi."

Ndipo akainuka. Alizungusha gurudumu kwa uzito wake wote, maji yakaingia yakichemka, na chumba kikaanza kuwapandisha. Boti ilipolingana na ukingo aliingia bila kuombwa, akakaa mbele kabisa, akampa Eustaki mgongo. Adolfu alimpisha.

Geti la juu lilifunguka saa nane na dakika thelathini na tano. Ziwa la pili lilikuwa tulivu, na ng'ambo yake, kushoto mwa paa za mabati za Kapinda, moshi ulikuwa umesimama juu ya bonde, mweusi, mnene, wa nyasi mbichi na miba iliyorundikwa.

"Walisema saa kumi," Mariana alisema.

"Ongeza," Bertila alimwambia Eustaki, na yeye akaongeza mpaka mwisho.

Nyumba nne za boma zilikuwa zimeshaanguka ndani walipogonga ufukwe. Uzio wa miba ulikuwa bado unawaka. Wanaume kama arobaini walikuwa wamesimama kwa makundi, majembe na mapanga mikononi, wametulia kama watu waliomaliza palizi. Hakuna aliyekimbia. Bertila aliruka majini mpaka magotini na Adolfu nyuma yake, na watu wakamwona Eustaki botini, mkono mmoja umefungwa kwenye kiti, na Mariana amesimama mbele yake.

Hakuna aliyeuliza Eustaki amefanya nini. Bertila alisubiri. Aliwatazama mmoja mmoja, uso kwa uso, akingoja hata mmoja akunje paji, ashangae, aseme imekuwaje. Wakatazama chini. Mzee mmoja aliyekuwa karibu alifuta jembe lake kwa nyasi, akaliweka begani, akaanza kuondoka.

"Simama hapo," Bertila alisema. "Adolfu, anza na huyu. Jina, ukoo, na alikuwa wapi saa nane. Atakayeondoka nitamwandika wa kwanza."

Mariana alikuwa ameshashuka. Alipita katikati ya wanaume wa kijiji chake, nao wakamfanyia njia, na alipomfikia mtendaji alisimama, akamwangalia, akaendelea mbele. Alikwenda mpaka ukingo wa ziwa kwenye matete, akavua kitambaa cheusi kichwani, na kukinyoosha kuelekea majini.

Debora alikuwa humo, maji yamemfika kiunoni, mtoto mgongoni na wengine wawili wameshika nguo yake, ndama mmoja kando. Hakukipokea kitambaa. Alimtazama Mariana kama anavyotazamwa mtu usiyemfahamu, halafu akamtazama askari mwanamke anayekuja mbio kwenye tope.

"Debora," Bertila alisema, akihema. "Siyo yeye. Aliyeua tunaye, amekiri. Mume wako anatoka. Jumatatu mimi mwenyewe nitamfungulia mlango, anatoka."

Debora alimpandisha mtoto vizuri mgongoni. Alitazama nyumba zake, moja baada ya nyingine, zote nne.

"Atoke aende wapi, afande?"